Kuhifadhi Mbegu za Kiume Baada ya Kuumia Uti wa Mgongo: Presha Ipimwe Kwanza

Kijitabu hiki kimetolewa kutokana na malalamiko ya familia za wanaume waliopooza baada ya kuanguka na bodaboda au kutoka juu ya mnazi, ambao huuziwa vifaa vya mtetemo na kuambiwa wavitumie nyumbani ili wapate mbegu za kugandishwa. Biashara hiyo ni ya hatari na haina budi kukomeshwa.

Mwanaume aliyeumia uti wa mgongo kwa kawaida haachi kutengeneza mbegu, bali hupotewa na mawasiliano ya neva yanayozitoa, hata takribani mmoja tu kati ya kumi ndiye anayeweza kutoa manii kwa tendo la ndoa. Nguvu ya mbegu kuogelea hushuka katika majuma machache ya mwanzo, kisha haiendelei kudhoofu mwaka hadi mwaka kwa sababu ya jeraha hilo, kwa hiyo anayemhimiza mgonjwa alipe upesi kabla mbegu hazijamwishia anamdanganya.

Mbegu hupatikana kwa kifaa cha mtetemo kinachowekwa kwenye kichwa cha uume, kwa umeme mdogo unaopitishwa kwenye njia ya haja kubwa, au kwa upasuaji wa korodani, kisha hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Sehemu ya mbegu hufa katika kugandishwa, lakini tangu mwaka 1992 imejulikana kwamba mbegu moja iliyo hai, ikidungwa ndani ya yai, yaweza kuleta mtoto.

Jambo linalopuuzwa, na ambalo kijitabu hiki hakitachoka kulirudia, ni kupanda ghafla kwa shinikizo la damu kwa mtu aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, yaani ambaye ganzi yake huanzia usawa wa chembe cha moyo au juu zaidi. Mtetemo au umeme huuchochea mwili usio na breki kutoka kwenye ubongo, mishipa ya damu hubana, na matokeo yaweza kuwa kiharusi au kifo. Dalili zake ni kichwa kugonga, jasho na wekundu usoni, pua kuziba na malaika kusimama. Presha ya juu ya mtu huyo akiwa ametulia mara nyingi ni 90 hadi 110 tu, hivyo 140, ambayo mhudumu asiye mzoefu ataiona ya kawaida, kwake ni hatari.

Kwa sababu hiyo, jaribio la kwanza lifanyike kliniki, presha ikipimwa kabla, wakati na baada, na dawa ya kuishusha ikiwa tayari. Aliyemeza vidonge vya nguvu za kiume amweleze daktari, kwani vikikutana na dawa za kushusha presha za jamii ya naitreti, presha huanguka vibaya. Masharti ya ridhaa, ada na vipimo vya VVU na homa ya ini hutolewa na kliniki husika.

Dalili zikitokea, mtetemo usimamishwe papo hapo, mgonjwa aketishwe wima miguu ikining'inia, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe usiwe umejikunja, na presha isiposhuka apelekwe hospitali bila kuchelewa, akiwa ameketi. Asilazwe chali.