Somo kwa Matawi: Sasisho la Kweli na Sasisho la Uongo katika Kompyuta na Simu



Siku hizi kompyuta si kitu cha mkubwa wa ofisi peke yake. Iko kwenye mizani ya chai, iko kwa karani wa ghala, iko langoni tunapoandikishwa kuingia kazini. Matawi mengi ya chama nayo yana kompyuta ya kuwekea orodha ya wanachama na hesabu za michango. Simu karibu kila mmoja wetu anayo, na ndani yake mna pesa zetu.

Vyombo hivi vyote hutoa ujumbe mara kwa mara kutuomba tukubali sasisho, yaani programu ya zamani iondolewe na iliyorekebishwa iwekwe mahali pake. Wengine huita apdeti. Baadhi ya maombi hayo ni ya kweli. Mengine hutengenezwa na wezi ili tuwafungulie mlango kwa mikono yetu wenyewe. Tunamwomba katibu wa tawi asome somo hili kwa sauti mkutanoni, na wenye simu wazitoe ili tufuatane.

1. Kwa nini tusikatae kila sasisho

Wako wenzetu ambao, baada ya kusikia habari za wizi, wameamua kukataa kila ujumbe. Hilo nalo ni hatari. Hakuna programu isiyo na kasoro. Mafundi walioitengeneza wakigundua upenyo ambao mwizi anaweza kuupitia, hutoa sasisho la kuuziba. Asiyelipokea hubaki na upenyo huo, na wezi sasa wanaujua.

Mwaka 2017 dunia ililiona jambo hili. Tarehe 14 Machi kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba upenyo mmoja katika programu yake ya Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika upenyo huo huo na kuingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Vilifunga mafaili na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali zilifuta miadi ya wagonjwa kwa maelfu. Kiwanda cha magari cha Renault huko Sandouville, Ufaransa, kilisimamisha kazi, na kile cha Nissan huko Sunderland, Uingereza, kilipata mkasa huo pia. Sasisho la kuzuia yote hayo lilikuwa tayari, lakini wengi walikuwa hawajaliweka.

2. Mwizi anataka nini kwetu

Virusi huharibu mafaili, au huyafunga na kudai malipo, kisha hutafuta kompyuta nyingine ya kuingia. Programu ya upelelezi haifanyi kelele. Hukaa kimya, ikinakili kila herufi tunayoandika, pamoja na namba za siri, na kuzituma kwa bwana wake.

Kwa chama, hasara si ya pesa tu. Orodha ya waliojiunga juzi, ambao mwajiri bado hajawajua, ikiangukia mikono mibaya, watu wanaweza kupoteza kazi kabla hatujapata nguvu ya kuwatetea. Kwa hiyo kulinda kompyuta ya tawi ni sehemu ya kumlinda mwanachama.

3. Tuangalie njia, tusiangalie sura

Wengi hujaribu kumtambua mwizi kwa sura ya ujumbe: nembo, rangi, lugha iliyokosewa. Zamani iliwezekana. Leo mwizi ananakili nembo vizuri kabisa na kuandika lugha safi. Jambo asiloweza kulinakili kwa urahisi ni njia. Sasisho la kweli hupatikana ndani ya chombo chenyewe. La uongo huja kwa ukurasa wa intaneti, kwa barua pepe, au kwa ujumbe uliotumwa na mtu.

Basi kanuni yetu ni hii: tusikubali sasisho kwa kubonyeza ujumbe uliojileta. Tuufunge, kisha twende wenyewe mahali sasisho linapokaa na kutazama kama lipo.

Katika kompyuta ya Windows, tufungue mipangilio, ile yenye alama ya gurudumu lenye meno, kisha tuingie Windows Update. Kama sasisho ni la kweli, tutalikuta hapo.

Katika simu ya Android, sasisho la simu yenyewe limo ndani ya mipangilio. Masasisho ya programu kama WhatsApp yamo ndani ya Play Store. Tuingie humo kwa kubonyeza alama yake, tusipitie kiungo tulichotumiwa.

Kivinjari kama Chrome, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti, hujisasisha chenyewe. Kwenye kompyuta, alama yake ya vitone vitatu iko juu upande wa kulia, na ndani yake ndiko tunakoweza kuhakikisha. Ukurasa wowote unaosema kwamba kivinjari chetu kimezeeka, kisha ukatupa faili la kupakua, tuuhesabu kuwa wa uongo.

4. Dalili za kutushtua

Kwanza, ujumbe unaotutisha na kutuharakisha. Kengele inalia, dakika zinahesabiwa, tunaambiwa kompyuta ina virusi 13. Ukurasa wa intaneti hauwezi kuingia ndani ya kompyuta yetu na kuhesabu virusi.

Pili, ujumbe unaotupa namba ya simu ya kumpigia fundi. Microsoft haiweki namba ya simu katika maonyo ya kompyuta.

Tatu, ujumbe unaoomba malipo, au namba ya siri ya pesa za simu. Sasisho la kweli la Windows au la Android halihitaji namba hiyo.

Nne, ujumbe unaotuambia tubonyeze vitufe fulani kwa pamoja, kisha tubandike maneno na kuyathibitisha. Huu ni ujanja ulioenea tangu 2024. Kwa kufanya hivyo tunaiamuru kompyuta yetu wenyewe imwingize mwizi.

Tano, ujumbe wa kusasisha Flash Player. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia programu hiyo tarehe 31 Desemba 2020. Anayetuletea sasisho lake leo anatudanganya.

Sita, tovuti inayoomba ruhusa ya kututumia taarifa. Tukikubali, matangazo yake yatakuwa yakijitokeza pembeni mwa kioo, nayo hufanana sana na maonyo ya kompyuta. Tukatae.

5. Kama tumekwisha kubonyeza

Tukate intaneti mara moja: tuchomoe waya au tuzime data. Tusiandike namba ya siri yoyote katika chombo hicho. Tutumie chombo kingine kilicho salama kubadili namba zetu za siri, na kama pesa za simu zinahusika, tuiarifu kampuni ya simu. Kisha tumwambie katibu au fundi siku hiyo hiyo.

6. Wajibu wa tawi na wa mwajiri

Kompyuta ya tawi iwe na mtu mmoja aliyechaguliwa kuisasisha, na siku maalum kila juma ya kuitazama. Kama inatumia Windows 10, tukumbuke kwamba Microsoft ilisimamisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ikaacha nafasi ya muda tu kwa wanaojiandikisha. Suala hilo liletwe kwenye kamati.

Nakala ya orodha ya wanachama iwekwe kwenye diski ya pembeni, ichomolewe, ifungiwe kabatini. Hili ni lazima hata kwa mwangalifu. Tarehe 27 Juni 2017, huko Ukraine, wezi walikuwa wameingia ndani ya kampuni iliyotengeneza programu ya hesabu iitwayo M.E.Doc, wakapitisha virusi katika sasisho lake halali. Waliolipokea hawakufanya kosa lolote, na bado kompyuta zao ziliharibika. Mambo kama hayo ni machache, lakini yakitokea, kinachookoa ni nakala iliyoko nje.

Kuhusu kompyuta ya mwajiri, mfanyakazi asiisasishe kwa uamuzi wake. Amwite anayehusika, na aandike saa aliyomwita. Lakini mwajiri naye ana wajibu. Hawezi kumweka mtu mbele ya kompyuta bila kumfundisha, kisha akamkata mshahara siku virusi vinapoingia. Tena adhabu ya namna hiyo haimsaidii mwajiri mwenyewe, kwa maana mfanyakazi anayeogopa kukatwa mshahara ataficha, na virusi vitapata siku nzima ya kuenea. Matawi yanayokaribia mazungumzo ya mkataba yadai mambo mawili: mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi, na anayetoa taarifa mapema asiadhibiwe.

Maswali ya kujadili tawini

1. Katika simu yako, masasisho ya programu yanapatikana wapi? Mwoneshe jirani yako.
2. Mwenzetu ametumiwa kiungo na rafiki yake cha "WhatsApp mpya yenye rangi ya dhahabu". Afanye nini?
3. Orodha ya wanachama wetu ina nakala? Iko wapi, na nani ana ufunguo?
4. Kazini kwetu, nani anaitwa kompyuta ikitoa ujumbe usioeleweka? Kama hakuna, tumdai nani?

Majibu ya swali la tatu na la nne yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, ili mkutano ujao tuulizane yametekelezwa kiasi gani.

Umoja ni nguvu.