Mwanasesere Katika Wodi ya Kujifungulia: Mafunzo ya Uigaji na Utafiti wa Kitabibu

SOMO LA AFYA KWA WANANCHI

Mwananchi anayesubiri huduma katika kituo cha afya anaweza kumwona muuguzi ameinamia mwanasesere mezani, akimpangusa kwa kitambaa, akimwekea barakoa ndogo usoni na kubonyeza mfuko wa hewa huku mwenzake akihesabu. Kwa mtu aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, jambo hilo laweza kuonekana kuwa mchezo wa kupoteza wakati. Somo hili linaeleza mazoezi hayo ni ya nini, jinsi yalivyopimwa ili kujua kama yanaokoa maisha, na haki alizonazo mwananchi anapoombwa kushiriki katika utafiti wa kitabibu.

Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:
• kueleza maana ya mafunzo ya uigaji na ya utafiti wa kitabibu;
• kueleza kwa nini mafunzo ya siku moja hayatoshi;
• kutaja haki za mtu anayeshiriki katika utafiti.

1. Maana ya maneno

Mafunzo ya uigaji ni njia ya kujifunza kazi kwa kuiga hali halisi bila kumhatarisha mtu. Rubani hufanya mazoezi ya dharura akiwa ardhini kabla ya kukabidhiwa abiria. Vivyo hivyo, mkunga hufanya mazoezi kwa mwanasesere ili siku mtoto atakapozaliwa bila kulia, mikono yake iwe tayari inajua la kufanya.

Utafiti wa kitabibu ni uchunguzi unaohusisha watu, unaofanywa kwa utaratibu uliowekwa mapema, ili kujua kama dawa, kifaa au njia ya kutoa huduma inafaa na ni salama.

Mambo haya mawili hukutana kwa sababu mafunzo hugharimu fedha za umma na muda wa wahudumu. Yanapaswa kupimwa kama dawa inavyopimwa. Swali la msingi ni hili: je, mhudumu anayefaulu kwa mwanasesere humhudumia mgonjwa halisi vizuri zaidi?

2. Mwanasesere alitoka wapi

Mwaka 1960, Åsmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya watoto kuchezea kutoka Norway, alitoa sanamu ya kufundishia watu namna ya kumpulizia pumzi mtu aliyeacha kupumua. Sanamu hiyo iliitwa Resusci Anne, na imetumika katika nchi nyingi tangu wakati huo.

Mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa mafunzo uitwao Helping Babies Breathe, uliotayarishwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na washirika wake kwa ajili ya vituo visivyo na vifaa vingi. Mwanasesere anayetumika hujazwa maji ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto mchanga. Mwalimu akibonyeza vifuko vidogo vilivyounganishwa kwa mipira, mwanasesere hupumua, hulia, au kitovu chake hupiga kama mapigo ya moyo. Mwalimu akiacha kubonyeza, mwanasesere hunyamaza, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza.

3. Dakika ya kwanza

Takriban mtoto 1 kati ya 10 huhitaji msaada fulani ili aanze kupumua anapozaliwa. Wengi wao huanza baada ya kupanguswa vizuri na kusuguliwa mgongoni. Wachache huhitaji kupewa hewa kwa mfuko na barakoa, na msaada huo unapaswa kuanza kabla ya dakika moja kwisha. Wakufunzi huiita dakika ya dhahabu.

Katika dakika hiyo mhudumu anapaswa kumkausha mtoto na kumpa joto, kumsugua, kutazama kama anapumua, kuweka kichwa chake sawa, kubandika barakoa isivuje, kisha kuanza kubonyeza mfuko kwa kasi ya pumzi 40 hivi kwa dakika. Kwenye karatasi hatua hizi ni rahisi. Usiku, mama akiwa bado anahitaji kuangaliwa na taa ikiwa hafifu, mhudumu asiyezizoea anaweza kupoteza dakika nzima akitafuta barakoa.

Hasara ya dakika hiyo si ndogo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nchini Kenya watoto 21 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja.

4. Yaliyopatikana Pumwani

Mojawapo ya majaribio ya mapema kuhusu jambo hili ulimwenguni lilifanyiwa hapa Kenya, katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani jijini Nairobi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Wahudumu waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipata mafunzo ya siku moja mapema, na wengine wakasubiri zamu yao. Kisha watafiti waliwatazama wakihudumia watoto halisi.

Kundi lililofundishwa lilifuata hatua za kwanza ipasavyo katika asilimia 66 ya watoto waliohitaji msaada, dhidi ya asilimia 27 katika kundi lililokuwa likisubiri. Vitendo visivyofaa au vinavyoweza kumdhuru mtoto pia vilipungua. Hata hivyo, tofauti ya vifo kati ya makundi hayo mawili haikuonekana. Mafunzo yalibadilisha kazi ya mikono, lakini jaribio hilo halikuweza kuonyesha kwamba yalipunguza vifo.

5. Haydom: siku moja haitoshi

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walilifuatilia swali hilo kwa miaka kadhaa. Wahudumu walipata mafunzo ya siku moja, wakapimwa kabla yake na miezi 7 baadaye. Katika mtihani wa mwanasesere, waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto kupumua waliongezeka kutoka asilimia 18 hadi asilimia 74. Lakini watafiti walipoangalia wodini jinsi watoto halisi walivyohudumiwa, mabadiliko hayakuwepo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Hili ndilo fundisho kubwa la somo. Cheti cha mafunzo huonyesha kwamba mtu aliweza jambo siku fulani, chumbani, akiwa ametulia. Hakionyeshi kwamba ataliweza saa nane za usiku akiwa peke yake zamuni.

Hospitali hiyo ilibadilisha utaratibu. Badala ya kutegemea semina, mwanasesere aliwekwa wodini, na wahudumu wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, katika siku zao za kawaida za kazi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watoto waliosuguliwa ili wapumue waliongezeka, na waliohitaji mfuko wa hewa wakapungua. Haba na haba hujaza kibaba.

Msomaji makini ataona upungufu mmoja. Utafiti huo wa pili ulilinganisha mwaka mmoja na mwingine katika hospitali ile ile, bila kundi la kulinganishia. Huenda jambo jingine nalo lilibadilika katika kipindi hicho. Ndiyo maana tafiti kubwa zaidi zilihitajika.

6. Mama anayevuja damu

Kuvuja damu baada ya kujifungua ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vya akina mama. Mama huhesabiwa kuwa hatarini akipoteza nusu lita ya damu au zaidi. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya: damu huingia kwenye shuka na pamba, au humwagika sakafuni.

Jaribio liitwalo E-MOTIVE lilifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, likihusisha zaidi ya akina mama 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika nusu ya hospitali hizo, kila mama aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ili damu ionekane na kupimwa. Damu ilipofika kiwango cha hatari, mhudumu alianza hatua zote kwa pamoja, bila kusubiri moja ishindwe ndipo ajaribu nyingine: kukanda mji wa uzazi, kumpa mama dawa ya kuufanya ubane, kumpa asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, kumwekea dripu, kumchunguza ili kujua damu inatoka wapi, na kuita msaada zaidi ikihitajika. Wahudumu walijifunza hatua hizi kwa uigaji, mahali pao pa kazi, wakifundishana wenyewe kwa wenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Katika hospitali zilizotumia utaratibu huo, asilimia 93 ya akina mama waliovuja damu waligunduliwa, dhidi ya asilimia 51 katika hospitali nyingine. Akina mama waliopatwa na madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au kufariki kutokana na kuvuja damu, walikuwa asilimia 1.6 dhidi ya asilimia 4.3. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kuonyesha tofauti ya wazi. Manufaa yaliyothibitishwa zaidi yalikuwa kupungua kwa uvujaji mkubwa wa damu.

Mwaka 2025 yalichapishwa pia matokeo ya mpango wa Safer Births kutoka vituo 30 katika mikoa 5 ya Tanzania, ambako mazoezi mafupi ya wodini yalienda sambamba na vifaa bora na matumizi ya takwimu za kituo chenyewe. Vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

7. Kwa nini kura hupigwa

Wananchi wengi huuliza: kama njia fulani ni nzuri, kwa nini hospitali nyingine zinyimwe? Jibu ni kwamba kabla ya utafiti hakuna anayejua kwa hakika. Hospitali zikichaguliwa kwa upendeleo, huenda zile zenye madaktari wengi ndizo zitakazopewa njia mpya, kisha mafanikio yao yahesabiwe kuwa ya njia hiyo. Bahati nasibu huondoa upendeleo. Hospitali za kundi la pili huendelea kutoa huduma ya kawaida, na katika tafiti kama ile ya Safer Births, vituo vyote hatimaye hupata mafunzo kwa zamu.

8. Haki za mshiriki

Nchini Kenya, mtafiti anahitaji leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) pamoja na idhini ya kamati ya maadili ya utafiti. Mwananchi anayeombwa kushiriki ana haki hizi:
• kuelezwa lengo la utafiti, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa;
• kuuliza maswali na kupewa muda wa kufikiri;
• kukubali au kukataa kwa hiari;
• kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida;
• kutunziwa siri ya habari zake;
• kupewa jina na nambari ya mtu wa kuwasiliana naye akiwa na malalamiko.

Wakati mwingine utaratibu mpya huingizwa katika hospitali nzima, na mama aliye katika uchungu hawezi kusomewa fomu ndefu. Katika hali hiyo kamati ya maadili huamua mapema ni idhini gani itakayohitajika na kutoka kwa nani. Hata hapo, mwananchi ana haki ya kuuliza kama kuna utafiti unaoendelea na habari zake zitatumiwaje.

9. Yanayowahusu wananchi wa kaunti

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hivyo wananchi wanaweza kuuliza kuhusu mafunzo ya wahudumu wanapotoa maoni juu ya bajeti, au kupitia kamati ya kituo chao. Maswali yanayofaa ni machache. Je, mfuko wa hewa na barakoa za watoto wachanga zipo wodini, ni safi na zinafanya kazi? Mazoezi hufanywa mara ngapi, na je, wahudumu wa zamu ya usiku hushirikishwa? Kituo kimewahi kukaa pamoja kujifunza kutokana na kifo cha mama au mtoto?

Mama mjamzito naye ana sehemu yake: kuhudhuria kliniki, kupanga mapema usafiri wa kumfikisha kituoni, na kujifungulia mahali penye mhudumu mwenye ujuzi. Mazoezi ya wodini hayawezi kumsaidia mama ambaye hajafika wodini.

Maswali ya kujadili katika chama au baraza

1. Kwa nini wahudumu wa Haydom walifaulu kwa mwanasesere lakini huduma ya wodini haikubadilika?
2. Kuna tofauti gani kati ya utafiti wa Pumwani, uliotumia bahati nasibu, na ule uliolinganisha mwaka mmoja na mwingine?
3. Mtu akiombwa kutia sahihi fomu ya utafiti asiyoielewa, afanye nini?
4. Ukimwona muuguzi akifanya mazoezi kwa mwanasesere huku wagonjwa wanasubiri, utamweleza nini jirani yako anayenung'unika?