Kimeng'enya Kilichotiwa Nanga

SWALI: Bwana Mhariri, nasikia viwandani vimeng'enya hushikizwa juu ya kitu kigumu. Je, kufungwa huko hakuvipunguzii nguvu?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ni ya haki, kwani aghalabu kimeng'enya kilichoshikizwa hupoteza sehemu ya kasi yake, ama kwa sababu upande wake wa kazi umeelekea ukutani, ama kwa kuwa malighafi huchelewa kupenya hadi kilipo, walakini hasara hiyo hufidiwa na kudumu kwake. Kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa ustadi, na joto likizidi hukunjuka ikaharibika. Bali ikishikwa mahali kadhaa, mithili ya jahazi lililotiwa nanga tezi na omo, haikunjuki kwa wepesi. Tena haichanganyiki na mazao, hivyo hutumika mara nyingi.

Mwaka 1916, huko Marekani, watafiti Nelson na Griffin walibaini kwamba kimeng'enya cha invertasi kilichonata juu ya makaa kiliendelea kuvunja sukari. Lakini dunia ilingoja hadi 1969, ambapo kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani, kwa kazi ya Ichiro Chibata na wenziwe, ilianza kutenga asidi amino kiwandani kwa kimeng'enya cha aminoasilasi kilichoshikwa kwa mvutano wa chaji za umeme. Kifungo cha kikemia ni imara zaidi kuliko hicho cha mvutano, nakiri, ila huweza kukijeruhi kimeng'enya, na kikichoka hakibanduki. Ilhali cha mvutano, nguvu zikipungua, humiminiwa kimeng'enya kipya juu ya tegemeo lile lile. Kwa kiwanda chenye mali haba, mimi ningechagua hicho.