Tafakuri Siyo Barua ya Shukrani

Wadogo zangu wa Viwanja Sitini, leo namjibu binti anayesoma biashara kwa mtandao huku akimsaidia mama yake kununua na kuuza mpunga. Mwalimu kamtaka aandike tafakuri: umejifunza nini, umekitumia wapi? Binti anasema hana ofisi, atakitumia wapi.

Hana ofisi! Mdogo wangu, unaishi Ifakara, katikati ya bonde la mpunga. Ile mada ya gharama uliyoisoma kwenye kozi ipeleke kwenye mashine ya kukoboa. Chukua gunia moja la mama: bei ya shambani, usafiri, vibarua wa kupakia, kukoboa, mifuko. Chenga zipe bei yake. Pumba nazo zinauzwa, ziandike kwenye mapato. Halafu linganisha na faida anayoitaja mama kwa kichwa miaka yote. Hesabu zikikataana, tafakuri yako imeanzia hapo. Pengine mama hakuhesabu nguvu zako. Pengine kitabu kinashauri uhifadhi mpaka bei ipande, kumbe ada ya wadogo zako inadaiwa mavuno yakiwa yamepamba moto na bei iko chini. Andika ulidhani nini, ukakuta nini, kwa nini, na msimu ujao utafanyaje.

Wengi mnaandika "kozi ilikuwa nzuri, nimefaidika sana". Hiyo ni barua ya shukrani. Mwalimu ataipa alama gani? Wengine mnaomba tafakuri ya rafiki mkabadilisha jina. Aibu.

Mwalimu Nyerere alilisema hili la kuunganisha masomo na kazi mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipolaumu shule zinazomtenga mwanafunzi na kazi za jamii yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha 1994, kinawafaa hasa watu wenye shughuli zao. Kwa hiyo shughuli yako usiionee haya mbele ya mwalimu.

Ila nyie mnaohudumu hospitalini au kwenye duka la dawa, jina la mgonjwa lisionekane kabisa kwenye tafakuri, wala mtaa wake. Hapa kwetu watu wanajuana. Na wewe binti, mwombe mama ruhusa kabla hesabu zake hazijafika kwa mwalimu.

Andika daftarini usiku uleule, mambo yakiwa bado mabichi. Bando utanunua siku ya kutuma. Kisha niandikie tena, uniambie mama kasemaje alipoiona hesabu.