Kumfunza Mhadhiri Kushauri: Mwongozo kwa Mkuu wa Idara

Kijana wa Bodo, kijiji cha wavuvi huko Kwale, anapopata nafasi ya chuo kikuu, huenda nyumbani kwao hakuna aliyewahi kukaa darasa la chuo. Baba ni mvuvi, au anavusha watu kwenda kisiwa cha Funzi. Mama anakaanga samaki. Akitaka kujua asajili yuniti zipi muhula huu, jibu halipo Bodo wala Ramisi. Liko kwa mhadhiri wake. Na mhadhiri huyo aliajiriwa kwa sababu anaijua kemia au fasihi. Kanuni za chuo hakuna aliyemfundisha.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa idara anayetaka kuliziba pengo hilo, awe Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, ambavyo vyote vilipata hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Mwanafunzi akishauriwa vibaya hupoteza mwaka mzima, na mwaka huo hulipiwa na watu wasio na akiba.

Hatua ya 1: Chagua watu, kisha wape nafasi

Usigawe kazi hii kwa kufuata orodha ya majina. Anza na wale ambao wanafunzi tayari huwagongea mlango. Wapunguzie mzigo wa kufundisha, hata kama ni kozi moja tu. Asiyepunguziwa atashauri watu kwenye ngazi huku akikimbilia kipindi.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi zote mahali pamoja

Kila mshauri awe na faili yenye kanuni za mitihani, kalenda ya mwaka, ratiba ya karo, na mtaala wa kila kundi la wanafunzi. Hapo kwenye mtaala ndipo wengi wanapoteleza. Mitaala hupitiwa upya, na aliyeingia kabla ya mabadiliko kwa kawaida humaliza kwa mtaala aliouanza. Andika mwaka wa kuingia juu ya kila mtaala kwa kalamu nene.

Ongeza masharti ya nje ya chuo: ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, kuhusu kuhamia kozi au chuo kingine; ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kuhusu mikopo; na ya mabaraza ya taaluma. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 umetenganisha ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, na mwanafunzi ndiye anayetakiwa kuomba. Mshauri asiyejua hilo atamwambia mtoto wa watu angoje.

Hatua ya 3: Namba

Kwa somo hili nusu siku yatosha. Katika vyuo vingi vya umma nchini Kenya, 70 kwenda juu ni A, 60 ni B, 50 ni C, 40 ni D, na chini ya hapo umefeli. Aliyefeli hufanya sapu, yaani mtihani wa kurudia, na hata akipata 80 kwenye sapu hiyo, matokeo huandikwa 40. Waketishe wahadhiri wapige hesabu kwa mkono waone sapu mbili zinavyoshusha wastani wa mtu aliyekuwa anaelekea daraja la pili la juu. Kila mmoja athibitishe pia kanuni ya chuo chake, kwa maana si zote zinafanana.

Hatua ya 4: Faili moja, dakika ishirini

Hili ndilo somo lenyewe, na lipewe muda kuliko mengine yote. Tengeneza faili ya kubuni. Mwanafunzi yuko mwaka wa 2, shahada ya elimu, masomo yake ni Kiswahili na Historia. Katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, alipata wastani wa B-, Kiswahili B, Historia C+, Jiografia C. Sasa anataka kuacha Historia aingie Jiografia. Mwaka wa 1 ana yuniti moja yenye 36, na nyingine haina alama kabisa, ingawa anaapa kwamba mtihani aliufanya. Wape wahadhiri dakika ishirini, kila mtu peke yake, kisha wasomeane majibu.

Wengi watakimbilia ile 36, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Sapu itaimaliza, lakini mshauri aangalie kwanza kama kuna yuniti ya mwaka wa 2 inayoitegemea.

Hatari kubwa imejificha kwenye Jiografia. TSC, tume inayosajili walimu, humsajili mwalimu wa shule ya upili aliye na C+ ya wastani, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Hata idara ya Jiografia ikiwa na nafasi na mkuu wake akaridhia, ile C ya kidato cha nne itamngoja mwanafunzi huyu mlangoni siku anakwenda kujisajili. Digrii atakuwa nayo, lakini nambari ya TSC ataikosa. Wauguzi nao wana baraza lao na wahandisi wana bodi yao, na masharti yao yasomwe mwaka wa 1.

Alama isiyoonekana ni jambo jingine kabisa. Kukosekana kwake si kufeli. Mshauri atafute orodha ya mahudhurio iliyotiwa sahihi chumba cha mtihani, aulize alama za majaribio ya darasani, kisha amwandikie aliyefundisha. Afanye hivyo muhula uo huo. Walimu wa muda huondoka, na karatasi huondoka nao.

Hatua ya 5: Nendeni Bodo

Wapeleke wahadhiri kijijini. Mwombe mzee wa kijiji awaitie wazazi Ijumaa baada ya swala, wavuvi wengi wakiwa nchi kavu. Kila mhadhiri aeleze, bila karatasi, sapu ni nini, kuahirisha masomo ni nini, na kwa nini shahada ya miaka 4 inaweza kuwa ya miaka 5. Mzazi akiuliza, "Basi mwanangu amefukuzwa?" ajibiwe kwa Kiswahili kinachomtosha. Mhadhiri akishindwa kumweleza mvuvi, ajue hata mwanafunzi hakumwelewa; alinyamaza kwa heshima tu.

Siku hiyo pia wajifunze mipaka. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, alama za mwanafunzi aliye mtu mzima hazitolewi kwa mzazi bila idhini yake. Lakini usimfungie mlango mzee aliyetoka Bodo kwa pikipiki, matatu na feri ya Likoni. Mwamkie, mpe kiti, umwambie: "Mzee wangu, haya ni ya mwanao. Tumwite, akiridhia tukae sote watatu."

Hatua ya 6: Kila kikao kiandikwe

Kila kikao kiwe na mistari mitatu: mwanafunzi aliuliza nini, akaambiwa nini, kwa kanuni ipi. Yeye na mshauri watie sahihi na mwanafunzi achukue nakala. Mshauri akihamishwa, anayemfuata asianze upya.

Hatua ya 7: Kalenda ya chuo na ya bahari

Upepo wa kusi ukivuma, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo haviwezi kutoka nje ya miamba na mapato ya uvuvi hupungua. Mwaka wa masomo nao kwa kawaida hufunguliwa Septemba, na karo inadaiwa nyumba ikiwa tupu. Mwanafunzi wa nyumba kama hiyo huweza kutoweka kimya kimya, wakati angeweza kuomba kuahirisha kwa barua na kuilinda nafasi yake.

Kwa hiyo mshauri awapigie simu wanafunzi wake Julai, wala asisubiri wafike ofisini. Aulize karo imefikia wapi, kama ombi la HELB limetumwa, na kama fomu ya basari ya kaunti imejazwa. Ikibidi kuahirisha, barua iandikwe kabla ya tarehe ya mwisho, na mwanafunzi aulize kwanza mkopo wake utakuwaje. Wiki za usajili zikipita, idara ichukue orodha ya waliotarajiwa na ya waliofika, izilinganishe jina kwa jina, na kila asiyeonekana atafutwe wiki hiyo hiyo.