Kipimo bora si lazima kiwe uvumbuzi

Kiwanda kinaweza kutumia fedha nyingi kutafuta kipimo bora cha bidhaa yake, kisha kikanyimwa hataza. Hataza humpa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya maombi. Haitolewi kwa jambo ambalo kwa fundi wa kazi hiyo ni dhahiri.

Mfano mzuri ni taa za metali halaidi, zilizoenea viwanjani na maghalani kabla ya taa za LED. Ndani ya mrija wake mna zebaki na chumvi za metali. Sodiamu huvuta mwanga kuelekea manjano, thaliamu kijani, na indiamu buluu. Rangi hupimwa kwa kelvini: 3,000 ni mwanga wa manjano, 5,000 ni mweupe zaidi.

Chukua mtengenezaji anayeombea hataza taa ya kelvini 4,000, ilhali maandishi ya awali yalikwisha kueleza taa za chumvi zizo hizo kati ya 3,000 na 5,000. Fundi anajua kwamba ukibadili mchanganyiko, rangi hubadilika. Kupima hadi kuipata inayofaa ni kazi ya kawaida.

Nchini Marekani msimamo huo ulithibitishwa mwaka 1955 katika kesi ya Aller, iliyohusu utengenezaji wa fenoli. Njia ya zamani ilitumia nyuzijoto 100 na asidi ya asilimia 10. Waombaji walidai nyuzi 40 hadi 80 na asidi ya asilimia 25 hadi 70. Walipata fenoli nyingi zaidi, lakini mahakama iliwakatalia.

Mlango haukufungwa kabisa. Mwaka 1977, katika kesi ya Antonie kuhusu mtambo wa kusafisha majitaka, mwombaji alishinda. Hakuna aliyekuwa ametambua kwamba uwiano wa ujazo wa tangi na eneo la sahani zake ulikuwa na athari kwa usafishaji. Mwombaji pia huweza kufaulu akithibitisha matokeo ambayo fundi asingeyatarajia.

Kwa mwekezaji, somo ni hili: kampuni ikijisifu kwamba inaombea hataza kipimo fulani, auliza kwanza kilichojulikana kabla yake. Kama ni kurekebisha tu, washindani wanaweza kuuza bidhaa hiyo hiyo kesho.