Jua ni Aya, Si Uvumi: Somo la Kujiandaa na Kupatwa kwa Jua mwaka 2027

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027, in shaa Allah, jua litapatwa. Kivuli cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, kitavuka Afrika ya Kaskazini, kitafunika Luxor kule Misri kwa zaidi ya dakika 6, kisha kitaingia Saudi Arabia na kuitia giza Makka kwenyewe kwa takriban dakika 5 mchana, kabla ya kuelekea Yemen na Somalia. Sisi wa Uganda na majirani zetu tutaona sehemu tu ya jua ikiliwa. Hata hivyo, simu zitalia, jumbe zitasambaa, na watu wa mtaani watamgeukia yule kijana wao aliyeko chuo kikuu na kumuuliza: "Wewe msomi, hili ni nini?"

Somo hili linataka kukuandaa kwa swali hilo. Nasoma masomo ya Kiislamu, si fizikia. Lakini kadiri ninavyosoma fiqhi ya ibada ndivyo ninavyoona kwamba huwezi kuielewa vizuri bila kulielewa jua.

1. Ibada zetu zimefungwa na jua

Katika Suratul Israa aya ya 78, Allah anaamrisha Swala kuanzia jua linapopinduka mpaka giza la usiku. Katika Suratu Yunus aya ya 5 anatueleza kuwa jua na mwezi vimewekwa ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Kwa hiyo hesabu ya jua si jambo la kigeni lililoletwa na wazungu. Qur'ani yenyewe imetuelekeza huko.

Chukua mfano wa Adhuhuri. Wengi wetu hudhani kwamba jua linafika kileleni saa 6 kamili mchana. Kwa Kampala sivyo. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, na Kampala iko karibu na 32.6. Kila digrii moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa takriban dakika 50. Juu ya hapo, njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wa dunia umeinama. Matokeo yake, mwanzoni mwa Novemba jua hufika kilele Kampala karibu saa 6:33, na katikati ya Februari karibu saa 7:04. Tofauti ni nusu saa nzima. Ndiyo maana ratiba ya Swala ya msikiti hubadilika, na ndiyo maana ratiba ya Mombasa haifai kutumika Kampala.

Ukitaka kuhakikisha, simika kijiti wima kwenye uwanja ulio sawa, uweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kikifika ufupi wake wa mwisho kisha kikaanza kurefuka, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Kivuli kikiwa na urefu wa kijiti chenyewe pamoja na kile kivuli kilichokuwapo wakati wa kilele, Alasiri imeingia kwa madhehebu ya Imam Shafi. Kijiti hakihitaji bando.

Kuna faida nyingine. Kila mwaka jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba mara mbili: tarehe 27 au 28 Mei karibu saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai karibu saa 6:27. Saa za Makka ni sawa na zetu. Wakati huo, ukilielekea jua umeelekea Kibla, na kivuli cha kijiti chako kinaonyesha upande ulio kinyume chake. Kwa Kampala, Kibla ni kaskazini, kikielekea mashariki kwa digrii kama 18. Kama chumba chenu cha Swala hosteli kina ubishi wa Kibla, siku hiyo umalizeni kwa kijiti.

2. Jua linaifanyia nini dunia?

Jua liko umbali wa takriban kilomita milioni 150. Mwanga wake hutufikia baada ya dakika 8 na ushei. Juu ya anga letu, kila mita moja ya mraba inayoelekea jua hupokea nishati ya wati 1,361 hivi. Nishati hiyo ndiyo inayovukiza maji ya Ziwa Nyanza, inayosukuma pepo, na inayolisha migomba na kahawa.

Hata misimu yetu ya mvua inalifuata jua. Jua huvuka ikweta karibu tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba, na ukanda wa mvua huliandama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kusini mwa Uganda hupata masika kuanzia Machi hadi Mei, na mvua nyingine kuanzia Septemba hadi Novemba. Mkulima anayetazama mawingu analitazama jua bila kujua.

Lakini jua halitoi mwanga na joto peke yake. Mara kwa mara hurusha mafungu makubwa ya chembe zenye umeme, na mafungu hayo yakigonga uga wa sumaku wa dunia hutokea dhoruba. Shughuli hizi hupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka 11 hivi. Mwezi Machi 1989, dhoruba ya namna hiyo ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, na watu takriban milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9. Mwezi Mei 2024 dunia ilipata dhoruba kali zaidi tangu mwaka 2003.

Je, sisi wa ikweta tuna habari gani na dhoruba hizo? Tunayo. Tabaka la juu la anga letu, linalotiwa umeme na miale ya jua, huchafuka zaidi karibu na ikweta baada ya Magharibi. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutikisika, na vifaa vya kuonyesha mahali hukosea. Rubani, mpima ardhi na nahodha wote huguswa na jambo hilo.

Sasa angalia namna uvumi unavyoingia. Kuna ujumbe ambao umezunguka kwenye simu za Afrika kwa miaka mingi: kwamba usiku wa leo miale kutoka angani itapita karibu na dunia, zimeni simu zenu, msizilaze karibu na mwili. Ujumbe huo ni uongo, lakini kila mwaka unafufuka. Aliyesoma hata kidogo tu anajua kwamba anga na uga wa sumaku ni ngao aliyotuwekea Allah, na kwamba dhoruba ya jua husumbua mitambo, haimuui mtu aliyelala kitandani. Suratul Hujurat aya ya 6 inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Kusambaza hofu kwenye kundi la familia ni aina ya madhara hayo.

3. Kupatwa kwa jua: fundisho la Mtume (s.a.w.)

Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume angeweza kunyamaza. Uvumi ule ulimtukuza mwanawe. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni aya mbili miongoni mwa aya za Allah, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, na kwamba tukiona hayo tukimbilie Swala, dua na sadaka.

Ndugu zangu, hilo ni somo la elimu kwa umma kuhusu jua, lilitolewa na baba mwenye huzuni siku ya msiba wake. Hatuna udhuru wa kunyamaza sisi.

Hesabu za wanajimu zinaonyesha kupatwa kulikoonekana Madina tarehe 27 Januari 632, sawa na mwisho wa mwezi wa Shawwal mwaka wa 10 Hijria. Iko riwaya ya Al-Waqidi kwamba Ibrahim alifariki tarehe 10 ya mwezi. Ibn Taymiyya aliikataa, kwa sababu jua halipatwi ila mwisho wa mwezi mwandamo, mwezi unapokuwa kati ya jua na dunia. Tazama jinsi mwanachuoni alivyotumia elimu ya falaki kuchuja riwaya.

Wengine huuliza: ikiwa kupatwa kunajulikana kwa hesabu miaka kabla, hofu na Swala ni za nini? Imam Ghazali, katika utangulizi wa Tahafut al-Falasifa, alionya kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jina la dini anaidhuru dini, kwani mambo hayo yamethibiti kwa dalili. Jibu ni kwamba kujua sababu hakuondoi aya. Tunajua pia sababu za mauti, na bado mauti ni mawaidha. Wakati wa tukio unatokana na hesabu. Kunyenyekea kunatokana na imani. Na aliyeweka hesabu ndiye tunayemsujudia, kama Suratu Fussilat aya ya 37 inavyotukataza kulisujudia jua wala mwezi.

4. Tufanye nini?

Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipatwa kabisa kwa sekunde chache kule Pakwach, kaskazini mwa Uganda. Wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Mtaani kwetu kulikuwa na makundi mawili: waliofunga milango na madirisha kwa woga, na waliolitazama jua kwa macho matupu au kwa picha ya eksirei. Sikumbuki aliyetuita msikitini kuswali. Tusiruhusu hali hiyo irudi mwaka 2027.

Zamani msikiti ulikuwa na mtu wa kazi hii, akiitwa muwaqqit. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya, Damascus, na mwaka 1371 aliutengenezea saa kubwa ya jua. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wa kawaida wanufaike na elimu ya falaki. Leo kazi hiyo inaweza kufanywa na sisi, kwa hatua hizi:

Kwanza, macho. Jua lililopatwa sehemu huunguza macho bila maumivu, kwa hiyo mtu hajui mpaka ameshadhurika. Miwani ya giza ya kawaida, eksirei na kioo kilichotiwa masizi havitoshi. Njia salama na ya bure ni tundu dogo kwenye karatasi ngumu: lipe jua mgongo, acha mwanga upite kwenye tundu, uone umbo la hilali kwenye karatasi nyingine. Ibn al-Haytham aliandika risala nzima juu ya umbo hilo la kupatwa, karibu miaka elfu moja iliyopita.

Pili, Swala. Swalatul Kusuf ni sunna iliyotiliwa mkazo: rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, na visomo virefu. Haina adhana wala iqama. Huitwa "As-swalaatu jaami'ah". Kwetu Mashafi hufuatiwa na hotuba. Wakati wake ni tangu jua linapoanza kupatwa mpaka litakapoachiwa. Wengi wa maimamu vijijini hawajawahi kuiongoza. Wakumbusheni kwa adabu, mapema.

Tatu, mafunzo. Kila tawi la jumuiya yetu liandae darasa moja kwa ajili ya madrasa au shule iliyo jirani: kijiti, kivuli, karatasi yenye tundu, na hadithi ya Ibrahim. Wanafunzi wa sayansi wafafanue jua, wanafunzi wa sharia wafafanue Swala. Kundi moja peke yake litafundisha nusu ya somo.

Maswali ya halaqa

1. Kwa nini ratiba ya Swala ya mji mmoja haifai mji mwingine ulio katika saa zile zile?
2. Mtume (s.a.w.) aliukanusha uvumi uliomtukuza mwanawe. Hilo linatufundisha nini kuhusu jumbe tunazozisambaza kwa kudhani zinaitukuza dini?
3. Mpange: nani katika kundi lenu atamwendea imamu wa kijijini kwao kabla ya Agosti 2027, na atamwambia nini?

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozitazama aya Zake na kuzingatia. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.